Msumari wa inchi tatu: barua ya wazi kwa wanaotoa leseni za bembea za mashine

Kwa magavana wa kaunti za kanda ya ziwa, magharibi na Nakuru, kwa waheshimiwa wa mabunge ya kaunti hizo, na kwa maafisa wa usalama na afya kazini.

Waheshimiwa,

Ninapoandika, mezani mbele yangu kuna msumari wa inchi tatu. Umepindwa mara mbili kwa koleo. Upande mmoja umeshika kutu, upande wa pili unang'aa kwa kusuguana na chuma. Niliuchomoa kwa mkono wangu Desemba iliyopita, mjini Kisumu, kwenye kigari cha bembea ya mashine ambacho dakika tano kabla ya hapo wanangu wawili walikuwa wamekikalia. Ulikuwa umewekwa mahali pa kota pini, kijiti kinachozuia pini kubwa isichomoke, kwenye bawaba ya pau linalomshika mtoto mapajani asiruke.

Mimi ni fundi wa mitambo. Kwa miaka kumi na tisa nimefanya kazi katika viwanda vya sukari ukanda huu wetu wa Muhoroni, na mikono yangu inajua cheni, beringi na grisi kuliko inavyojua kalamu. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba siandiki kwa woga wa mtu aliyeona mashine kwa mara ya kwanza. Wala siandiki ili mfunge michezo hiyo. Nimeona mara nyingi mwananchi akilalamika juu ya kitu, kitu chenyewe kinapigwa marufuku, mambo yanaishia hapo. Ombi langu ni moja: bembea yoyote ya mashine isizunguke katika kaunti zetu kabla ya kukaguliwa na mtu anayejua chuma, na karatasi ya ukaguzi huo ibandikwe pale pa kukatia tiketi, kwa Kiswahili ambacho mama yangu anaweza kukisoma.

Niwaeleze siku yenyewe ilivyokuwa.

Tulianza kuipanga safari ile mwezi wa Agosti. Binti yangu wa pili, mwenye miaka tisa, alikuwa ameona rola kosta, vigari vya mchezo vinavyopanda na kushuka juu ya reli, kwenye simu ya shangazi yake na tangu siku hiyo hakuwa na mazungumzo mengine. Kila mwisho wa mwezi niliweka kitu kidogo kwenye kopo la majani ya chai, mama watoto akaongeza za mayai. Mama yangu alipopata habari alipiga simu kutoka Koru kusema kwamba na yeye anakuja. Ana miaka sitini na minane. Hatukumwuliza mara mbili.

Tulipanda matatu alfajiri, tukapita Chemelil na Miwani, milima ya Nandi ikiwa kulia kwetu na miwa pande zote mbili, tukaingia mjini kupitia Mamboleo. Kwanza tuliwapeleka watoto Dunga. Tulikula samaki wa ngege kwa ugali, mifupa tukaifyonza, kisha tukakodi boti ya nusu saa. Kijana mwenye boti alikataa katakata kung'oa nanga mpaka kila mmoja wetu avae jaketi la kuokolea. Mama alisema jaketi linambana kifua. Kijana akamwita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, akamwambia kwa adabu sana, "Dani, ziwa halijui kama unabanwa." Akalifungua, akalirefusha mikanda, akamfunga upya. Nilimwangalia yule kijana nikafurahi moyoni. Hakuna afisa aliyekuwa amesimama pale kumwona.

Alasiri ndipo tulipofika uwanjani. Genereta ilikuwa inanguruma, muziki juu, moshi wa mahindi ya kuchoma na harufu ya sukari ya pamba. Kulikuwa na bembea za cheni zinazozunguka, gurudumu kubwa, na katikati ya vyote rola kosta: reli iliyopinda mfano wa nane, kichwa cha joka la kijani chenye meno meupe, vigari sita nyuma yake. Kilima chake kirefu zaidi kilikuwa kimo cha paa la ghorofa moja hivi. Si kubwa. Ziko rola kosta duniani ambazo ukisimama chini yake shingo inauma. Lakini kwa mtoto aliyetoka kwenye nyumba za kambi ya kiwanda, joka lile lilikuwa mlima.

Mama alipanda. Alikaa kigari cha mbele na mjukuu wake mkubwa, akaivua miwani akanipa, akafunga leso upya. Joka lilipoanza kushuka leso ikalegea, akaiuma ncha kwa meno, huku akicheka na meno yamefumba. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu tumzike baba. Aliposhuka miguu ilikuwa inamtetemeka, akaning'ang'ania mkono, akasema, "Tena." Waheshimiwa, watu hudhani bembea ni mambo ya watoto, jambo dogo lisilofaa kupelekwa mezani kwa gavana. Mimi nilimwona mama yangu akirudi kuwa msichana kwa dakika mbili kwa shilingi mia moja. Jambo hilo si dogo.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya binti yangu na mdogo wake wa miaka sita. Walikaa kigari cha tatu. Mimi nilisimama kwenye uzio, na kwa mazoea ya kazi nikawa nasikiliza. Joka linapopanda mlima wake wa kwanza huvutwa na cheni, kama miwa inavyopandishwa kwenye mashine za kusagia kule kwetu, na ile sauti ya tak, tak, tak mnayoisikia si cheni kuchakaa. Ni ulimi wa chuma chini ya kigari unaodakia meno ya reli moja baada ya lingine, ili cheni ikikatika kigari kisirudi nyuma. Sauti ile ilikuwa sawa, kila tak mahali pake. Nikatulia.

Wakashuka kilima cha kwanza salama. Kwenye kile cha pili, pale kigari kinapofika juu na tumbo linakuwa jepesi, nikaona pau la kigari chao likinyanyuka. Halikunyanyuka lote. Upande mmoja ulipanda shubiri moja, labda mbili, bawaba ikabaki wazi. Mwanangu aliinuka kwenye kiti. Nikaona hewa kati ya suruali yake na kiti.

Nilipiga ukelele. Kijana wa kuendesha alibonyeza kitufe chekundu mara moja, sina lawama naye hapo. Lakini kitufe kile huzima cheni tu. Rola kosta ya namna hii haina injini baada ya kilele: ikishaachiwa juu, inakwenda kwa uzito wake yenyewe, na hakuna wa kuisimamisha mpaka ifike kwenye breki za mwisho. Jambo hili nalijua kwa akili tangu chuo, chuma kinachoteremka ni chuma kinachoteremka. Siku ile nililijua kwa magoti. Binti yangu alimrushia mdogo wake mguu juu ya mapaja, akamkumbatia kwa mkono mmoja na kushika ukingo wa kigari kwa mkono wa pili. Ilikuwa sekunde kumi, kumi na mbili. Walipofika chini kiganja chake kilikuwa na mstari mwekundu ambao haukutoka kwa siku mbili. Mdogo wake aliuliza kama anaweza kupanda tena. Alidhani mambo yote yale ni sehemu ya mchezo.

Mama watoto aliwachukua. Mimi nikainama kwenye kigari cha tatu, na hapo ndipo nilipoukuta huu msumari. Kota pini, kwa wasioijua, ni kijiti cha chuma laini chenye miguu miwili. Unakipitisha kwenye tundu la pini kubwa, kisha unaipinda miguu ili pini isichomoke kwa mtikisiko. Bei yake haifiki soda ndogo. Msumari ni mgumu, haukumbatii pini, na kila mtikisiko unausogeza kidogo. Ulikuwa umesogea mpaka ukaiachia pini nusu.

Nikaenda kwa yule kijana. Miaka ishirini, pengine ishirini na mmoja. Yeye ndiye anayekata tiketi, ndiye anayewaketisha watu, ndiye anayebonyeza mapau, ndiye anayewasha. Nilipomwonyesha msumari macho yalimjaa maji. "Mzee, nilianza kazi Jumatatu," akaniambia. "Nilionyeshwa kitufe cha kijani na chekundu." Nikamwuliza mashine imetoka wapi. Akasema imetoka Nakuru kwa lori, imefungwa hapa kwa siku mbili, na baada ya mwaka mpya inafunguliwa inakwenda Kakamega. Nikamwuliza nani aliifunga. Akasema watu walioletwa na lori, wameshaondoka.

Kabla ya kuondoka nilizunguka chini ya reli. Mwenye kuijua Kisumu na nyanda za Kano anajua udongo wetu mweusi: kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia, mvua ikinyesha unavimba na kuwa uji. Miguu ya reli ilikuwa imekaa juu ya vipande vya mbao, vitatu vitatu, ili mtambo ulale sawa. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha. Mguu mmoja wa kwenye kona, pale uzito wote unapogeuka, ulikuwa na kibao cha chini kilichozama hadi nusu, na kati ya kibao cha juu na bamba la chuma kulikuwa na nafasi ya kupitisha vidole viwili. Yaani mguu ule ulikuwa unaning'inia. Joka likipita unagusa chini, likishapita unanyanyuka. Hatua kumi kutoka hapo kulikuwa na muuza soseji ambaye cheti chake cha afya kilikuwa kimebandikwa kwenye kioo cha kabati, picha na muhuri.

Nataka mlikazie macho hilo la soseji. Wiki iliyofuata nilikwenda kwenye ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa kuwa sina ugomvi na mama aliyenipokea; alinipa kiti na kunisikiliza kuliko nilivyotarajia. Alinieleza karatasi ambazo mwenye michezo hudaiwa: leseni ya biashara, malipo ya uwanja, ruhusa ya muziki. Nikamwuliza karatasi gani inahusu bolti. Akafikiri kwa muda, akaniambia, "Hiyo ya bolti haijawahi kufika kwenye meza hii." Nilimshukuru kwa kusema kweli.

Basi turudi kwenye sheria, maana nimeambiwa na wengine kwamba hakuna sheria inayohusu mambo haya. Mimi si wakili, lakini kiwandani sheria hii tunaishi nayo. Ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Boila yetu haiwashwi bila cheti cha mkaguzi aliyeidhinishwa. Lifti hukaguliwa, kreni hukaguliwa, hata cheni na kamba za kunyanyulia mizigo hukaguliwa na kuandikwa. Cheni inayonyanyua gunia ina daftari lake. Cheni iliyomnyanyua mama yangu haikuwa nalo. Na asiniambie mtu kwamba sheria ile ni ya viwanda tu: uwanja wa bembea ni mahali pa kazi pa yule kijana wa kitufe, na sheria yenyewe inasema lengo lake ni kuwalinda pia watu wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zinazotokana na kazi za wengine. Mwanangu ndiye mtu huyo.

Kwa upande wa kaunti, Katiba ya 2010 imeliweka jambo hili mikononi mwenu waziwazi. Fungueni Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili: burudani za umma, bustani za kaunti, fukwe na mahali pa mapumziko, yote ni kazi ya kaunti. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi wa huduma haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu anachokinunua. Tiketi ni huduma niliyoinunua. Habari niliyoihitaji ilikuwa moja tu: nani aliikagua hii, na lini?

Tangu Desemba nimekuwa nikisoma juu ya mashine hizi usiku, watoto wakishalala, na kuna mambo nadhani yatawafaa. Rola kosta ya kwanza ya biashara inayokumbukwa Marekani ilifunguliwa Coney Island, New York, mwaka 1884, na LaMarcus Thompson. Ilikwenda kama kilomita kumi kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, na nauli ilikuwa senti tano. Mashine zilipoanza kukimbia zaidi ndipo watu walipoanza kufikiria jinsi ya kuzizuia zisiruke. Ule ulimi unaodakia meno, na gurudumu la tatu linalokaa chini ya reli ili kigari kisinyanyuke, ni kazi ya Mmarekani mmoja aitwaye John Miller, kati ya mwaka 1910 na 1919. Kigari cha namna hiyo kina gurudumu la juu linalobeba, la pembeni linaloongoza na la chini linalokataa kuachia. Ujuzi wa kuwalinda watu juu ya reli hizi una zaidi ya miaka mia moja. Wala si siri ya matajiri, fundi yeyote wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, au wa Kibuye, Kisumu, akionyeshwa ataelewa kwa dakika kumi.

Tena nimejifunza kwamba pesa peke yake hazilindi mtu. Juni 2015, huko Alton Towers, Uingereza, rola kosta inayoitwa The Smiler iligonga kigari kitupu kilichokuwa kimekwama njiani. Watu 16 waliumia, wasichana wawili wakapoteza mguu kila mmoja. Mtambo ule ulikuwa na kompyuta, na kompyuta ilifanya kazi yake: iliona kuna kigari mbele ikasimamisha treni. Mafundi wakadhani kompyuta imekosea, wakaipita, yaani wakaipuuza na kuiachia treni iendelee. Kampuni ilitozwa faini ya pauni milioni 5 mwaka uliofuata. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya kwa muda mrefu, kwa sababu mimi pia nimewahi kusimama mbele ya taa nyekundu kiwandani saa nane usiku, msimamizi akinihimiza, na najua jinsi mkono unavyotamani kuipita.

Na mwaka 2016, jimbo la Kansas, Marekani, mtoto wa miaka kumi alikufa kwenye mtelezo wa maji wenye kimo cha mita 51, uliokuwa umesifiwa kuwa mrefu kwenda juu kuliko yote duniani. Sheria ya jimbo lile ilikuwa inawaruhusu wenye mitambo kujikagua wenyewe. Baba wa mtoto yule alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo. Mwaka uliofuata bunge likabadilisha sheria, wakaguzi wenye ujuzi wakatakiwa. Waheshimiwa wa mabunge ya kaunti, nawaandikia hili nikiwa na unyenyekevu wote. Msisubiri.

Sasa niseme ninachodhani kinafaa kufanywa, kama fundi. Mtambo wa kuhamahama ni tofauti na boila. Boila imejengwa mahali pamoja, ukiikagua mara moja kwa mwaka umeijua. Joka la lori hujengwa upya kila linapofika uwanjani. Cheti kilichotolewa Nakuru mwezi wa kumi hakisemi lolote juu ya msumari uliopachikwa Kisumu mwezi wa kumi na mbili, wala juu ya udongo wa hapa. Kwa hiyo ukaguzi ufanywe kila mtambo unapofungwa, kabla ya tiketi ya kwanza kukatwa: bolti, pini, weldi za miguu, breki, na ardhi yenyewe. Na daftari la ukaguzi lisafiri na mtambo. Likifika Kakamega, mkaguzi wa huko afungue ukurasa na kuona mwenzake wa Kisumu aliandika nini. Kaunti moja peke yake haiwezi kulifanya hili, ndiyo maana nimewaandikia nyote pamoja. Magavana wa kanda ya ziwa mna muungano wenu wa kiuchumi na mnakutana. Liwekeni kwenye ajenda, na wa Nakuru mwalikeni.

Kila asubuhi joka lizunguke mara tatu likiwa tupu, na aliyeliendesha aandike saa na kutia sahihi. Kuwe na kijiti chenye rangi cha kupima kimo, maana pau lililotengenezwa kwa mapaja ya mtu mzima halimshiki mtoto wa miaka sita hata kama kota pini ni mpya. Anayeketisha watu asiwe ndiye anayewasha. Wawe wawili, wa kwanza avute kila pau kwa mkono, wa pili asubiri ishara yake. Na mvua za jioni za Kisumu mnazijua, zinavyotoka ziwani na radi: wingu likishatanda, mashine izimwe na watu wateremshwe, bila ubishi juu ya tiketi iliyolipiwa.

Mtauliza wakaguzi watatoka wapi. Tunao. Kisumu National Polytechnic inafundisha uhandisi wa mitambo. Vyuo vya ufundi viko karibu kila kaunti ndogo. Viwanda vya sukari vimeacha mitaani mafundi wengi wenye ujuzi wa miaka thelathini, wanaokaa nyumbani wakingoja malimbikizo ya mishahara. Wapeni mafunzo, waidhinishwe na ofisi ya usalama kazini, walipwe kwa kila mtambo. Pesa zitoke kwenye ada ambayo mwenye michezo tayari analipa. Kila mwaka mnapitisha Sheria ya Fedha ya kaunti, na ada ya uwanja imo humo. Ongezeni mstari mmoja wa ukaguzi. Ikinibidi kulipa shilingi mia moja na kumi badala ya mia moja ili nione muhuri, nitalipa, na najua wazazi wengi watalipa.

Naomba pia msimwangushie mzigo wote kijana wa kitufe. Nina hofu kwamba barua hii ikisomwa, atakayefukuzwa kazi ni yeye. Hakuupinda ule msumari. Alionyeshwa rangi mbili, akaambiwa afanye kazi. Mfundisheni, mpeni cheti na yeye, abaki. Hata mwenye michezo sitaki afungiwe. Nataka aambiwe wazi kinachotakiwa na apewe muda wa kukitimiza, kisha asiyetimiza asiwashe.

Wapo watakaosema haiwezekani, watu wetu hawafuati utaratibu. Wenye umri wangu tunaikumbuka Februari 2004, kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutumika kwenye matatu: mikanda, vidhibiti mwendo, ule mstari wa manjano. Matatu ziligoma, watu walitembea kwa miguu, ilisemwa kwamba haitafika Pasaka. Lakini abiria alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, na mstari wa manjano upo mpaka leo. Kanuni zimelegea baadaye, hilo nalijua pia, na ndiyo sababu nasisitiza karatasi ibandikwe pale pa tiketi. Afisa anaweza kuchoka. Mama mwenye mtoto mkononi, aliyezoea kuiona karatasi ile, ataiuliza siku isipokuwepo.

Huu msumari nimeupiga picha pamoja na ule mguu wa reli, na picha hizo nimeziambatanisha. Afisa yeyote atakayeutaka wenyewe nitamletea, nimeuweka ndani ya bahasha na kuandika tarehe.

Mama amerudi Koru. Juzi alinipigia kuuliza kama lile joka litakuwepo tena shule zikifungwa mwezi wa Aprili, na kama atahitaji kununua leso yenye kamba ya kufungia kidevuni. Nilimwambia nimewaandikia ninyi kwanza, na kwamba nasubiri jibu lenu kabla sijamwambia aanze kuweka akiba. Amesema atasubiri, lakini ameniomba niwakumbushe kwamba ana miaka sitini na minane.

Wenu,

Fundi wa mitambo na baba wa watoto watatu,
Muhoroni